Jina Chini ya Ukurasa wa Mwisho: Historia Fupi ya Colonial Printing Works ya Nairobi

Ukibahatika kushika gazeti la Nairobi la miaka ya 1940, usianze na kichwa cha habari. Ligeuze. Tazama chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kule ambako msomaji wa kawaida hafiki, penye mstari mmoja wa herufi ndogo kama punje za wimbi. Hapo pana jina la aliyelipiga chapa, na mahali alipolipigia. Mstari ule haukuwekwa kwa ajili ya kutafuta wateja. Uliwekwa kwa sababu serikali ya kikoloni ilitaka kujua, gazeti likiwa bado linanuka wino, ni mlango wa nani wa kwenda kuugonga.

Tumezoea kuisimulia historia ya kupigania uhuru wa kusema nchini Kenya kwa majina ya wanasiasa na wahariri. Hao wanastahili. Lakini mhariri asiye na mtambo ni mtu mwenye barua mfukoni; anaweza kumsomea jirani, basi. Ili barua ile isomwe Nyeri, Kisumu na Mombasa kwa wiki moja, lazima mtu mwingine akubali kuipanga kwa herufi za risasi, kuipaka wino, na kuweka jina lake chini. Ni zaidi ya miaka 90 sasa tangu Girdhari Lal Vidyarthi aanze kutoa gazeti la Colonial Times mjini Nairobi, mwaka 1933, na kiwanda chake cha chapa, Colonial Printing Works, kinastahili kukumbukwa kwa jambo hilo hasa: kilikubali.

Jina lenyewe linachekesha kidogo. Gazeti lililokuja kumpeleka mwenyewe gerezani kwa kuikosoa serikali ya koloni liliitwa kwa jina la koloni. Siku hizo halikumshangaza mtu. Kenya iligeuzwa koloni rasmi mwaka 1920, na neno hilo lilikuwa kwenye kila bahasha.

Vidyarthi alizaliwa Nairobi mwaka 1907, mji wenyewe ukiwa haujatimiza hata miaka kumi. Reli ya Uganda ilikuwa imeleta vibarua na mafundi wa Kihindi wapatao 32,000 kati ya 1896 na 1901. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha, wengine walikufa, na waliobaki walifungua maduka, karakana na, baadhi yao, viwanda vya chapa. Jina Vidyarthi maana yake ni mwanafunzi. Gazeti lake lilitoka kwa Kiingereza na Kigujarati, likijitangaza kuwa huru, la wazi, lisilo na woga. Magazeti mengi hujisifu hivyo toleo la kwanza. Machache huulizwa na hakimu kama ni kweli.

Hakuwa wa kwanza kwenye njia hiyo, na ni vizuri kuwataja waliomtangulia, kwa sababu ndio waliomwonyesha bei yake. Mwaka 1902, kule Mombasa, mfanyabiashara A. M. Jeevanjee alianzisha African Standard. Miaka mitatu baadaye akaliuza kwa Wazungu, nalo likahamia Nairobi, likawa East African Standard, sauti ya masetla kwa miongo mingi. Ndiyo kusema gazeti lililowatetea walowezi kwa bidii kuliko yote lilizaliwa katika nyumba ya Mhindi. Jeevanjee hakukosea kibiashara. Ila Wahindi wa Nairobi walipotaka kujibu yaliyoandikwa humo juu yao, ilibidi watafute mtambo mwingine.

Waliupata kwa Manilal Desai. Gazeti lake, East African Chronicle, lilianza mwaka 1919, na ofisi yake ikawa pia kijiwe cha kijana mmoja karani, Harry Thuku, aliyekuwa akikusanya malalamiko ya Waafrika juu ya pasi ya kazi iliyoitwa kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Karatasi za Thuku za Kiswahili, zilizoitwa Tangazo, zilipigwa chapa kwa Desai. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi; serikali yenyewe ilihesabu maiti 21, na waliokuwepo walisema ni wengi zaidi. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu. Chronicle nayo haikuumaliza mwaka ule salama.

Sasa vuka bahari uangalie wiki hiyohiyo. Tarehe 18 Machi 1922, kule Ahmedabad, Gandhi alihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa makala alizoandika katika Young India. Jambo hili hufundishwa shuleni. Lisilofundishwa ni kwamba kizimbani hakusimama peke yake. Pembeni yake alikuwepo Shankerlal Banker, mpiga chapa na mchapishaji wa gazeti lile, ambaye hakuandika hata moja kati ya makala zilizoshtakiwa. Alipewa mwaka mmoja na faini. Dola ya Kiingereza ilikuwa imeshajifunza India somo ambalo ingelitumia Afrika Mashariki: mwandishi akifungwa hupata heshima, na mwingine huchukua kalamu. Mpiga chapa akifungwa, kalamu zote humwagika wino bure.

Wahindi wa Nairobi waliyasoma hayo, na bado baadhi yao wakaendelea. Mwaka 1928 chama cha Kikuyu Central Association kilipotaka kuwa na gazeti la lugha ya Kikuyu, kikampa uhariri Johnstone Kenyatta, na Muigwithania likapigwa chapa na Sitaram Achariar, mwenye gazeti la Democrat. Kisha Colonial Times.

Tuingie ndani ya kiwanda, kwa sababu bila kuijua kazi yenyewe huwezi kuelewa kwa nini serikali iliiogopa. Kila neno lilipangwa kwa mkono, herufi moja moja ya risasi ikichomolewa kwenye kijisanduku chake na kuwekwa kwenye mstari, kichwa chini miguu juu, kwa maana herufi ya chapa husomeka kinyume kama sura kwenye kioo. Fundi aliyezoea huzisoma kinyume hivyo haraka kama wewe unavyosoma sasa. Ukurasa ukishapangwa hufungwa kwa fremu, hupakwa wino, karatasi moja ya majaribio hutolewa, mtu huisoma akatia alama makosa, herufi hubadilishwa, ndipo mashine huanza kuvuma. Hii ni kazi ya macho mengi. Hakuna gazeti la siri linaloweza kupita kwenye kiwanda cha namna hiyo bila angalau watu watano kulijua. Ndiyo maana kisingizio cha kwamba mpiga chapa hakujua kilichoandikwa hakikumsaidia mtu mahakamani, na ndiyo maana pia uamuzi wa kulipokea gazeti fulani ulikuwa uamuzi kwelikweli.

Vidyarthi hakutosheka na kuwapigia chapa wengine. Alianzisha pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia. Chaguo la lugha lina uzito wake hapa. Colonial Times lilisomwa na Wahindi wenye elimu na maofisa waliotaka kujua Wahindi wanasema nini. Kiswahili kilimfikia karani wa reli, mpishi wa Parklands, askari aliyerudi kutoka vitani, mwalimu wa Machakos. Na nakala moja ikasomwa kwa sauti kibandani kwa watu kumi. Wakubwa walilijua hilo. Tangu 1939 kampuni ya Standard ilikuwa ikitoa gazeti la Kiswahili liitwalo Baraza, lenye adabu ya kutosha, na mhariri wake wa kwanza, Francis Khamisi, alikuja baadaye kuliacha akaingia siasa za Kenya African Union. Gazeti la Kiswahili lisilo na mlezi Mzungu lilikuwa habari nyingine kabisa.

Kosa lililotumiwa kuwanyamazisha watu kama hawa kwa Kiswahili tunaliita uchochezi. Neno zuri, ukilifikiria. Anayechochea hawashi moto; anasukuma kuni kwenye moto uliokwishawaka. Sheria ya Kiingereza haikuwa na ufahamu huo. Kwa mujibu wake, ilitosha maandishi yawe na nia ya kuwafanya watu waichukie au waidharau serikali, au wasiridhike nayo. Ukweli wa jambo lenyewe haukuwa kinga. Mtu angeweza kuandika kwamba ardhi imechukuliwa, ardhi ikawa imechukuliwa kweli, kila mtu akajua imechukuliwa, na bado akafungwa kwa sababu aliyesoma alikasirika.

Vidyarthi anatajwa kuwa mtu wa kwanza kushtakiwa Kenya kwa kosa hilo. Mwaka 1945 alitozwa faini ya Sh 2,000 kwa tahariri ya Colonial Times iliyohusu Wiki ya Burma. Wakati huo maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wametoka kupigana katika misitu ya Burma chini ya bendera ya Uingereza, na swali la watarudi kwenye nini lilikuwa midomoni mwa watu. Mwaka uliofuata, 1946, haikuwa faini tena. Alifungwa miezi minne na kazi ngumu. Mwaka 1947 akahukumiwa mara ya tatu, kifungo cha miezi 18, na safari hii si kwa tahariri yake bali kwa barua ya msomaji iliyochapishwa katika Habari za Dunia.

Hapa mimi husimama kila mara. Miezi 18 kwa barua. Mwenye kiwanda, mtu mwenye mashine na familia, angeweza kusema barua si yangu, na angesema kweli. Lakini ukurasa wa barua ndio mahali pekee katika gazeti ambapo mtu asiye na cheo wala mtambo hukaa sawa na mhariri. Ukiangalia hukumu tatu zile kwa mfuatano, fedha, miezi minne, miezi 18, utaona adhabu ikipanda, na ile kubwa kuliko zote ikiiangukia sauti ya mtu mdogo. Sijui kama mahakimu waliipanga hivyo kwa makusudi. Nadhani hawakuhitaji kupanga.

Nje ya gereza, hamu ya kusema ilikuwa imefurika. Henry Muoria, mzaliwa wa Kabete mwaka 1914, alikuwa gadi wa reli aliyejifunza uandishi kwa masomo ya posta kutoka London. Mwaka 1945 aliacha kazi ya reli akaanzisha Mumenyereri kwa lugha ya Kikuyu. Achieng' Oneko alikuwa na Ramogi kwa Dholuo. Khamisi alikuwa na Mwalimu. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946, Mumenyereri likawa ndilo lililozifikisha hotuba zake kwenye vijiji asivyoweza kufika. Magazeti haya yote yalianza maisha yakitegemea wapiga chapa wa Kihindi, Vidyarthi akiwa miongoni mwao.

Ule haukuwa undugu mtupu. Wapiga chapa walikuwa wafanyabiashara; karatasi ililipiwa, wino ulilipiwa, na mwisho wa mwezi hesabu ilikuwa hesabu. Magazeti yaleyale yaliyopigwa chapa na Wahindi yaliwasema wenye maduka wa Kihindi kwa bei zao, tena kwa maneno makali, na mafundi waliyapanga maneno hayo herufi kwa herufi wakayatoa mlangoni Jumamosi asubuhi. Mimi naona heshima zaidi katika hilo kuliko katika hotuba nyingi za umoja zilizotolewa baadaye. Muoria naye hakutaka kutegemea milele; alipopata uwezo alinunua mtambo wake.

Familia nyingine ya chapa haiwezi kurukwa. Makhan Singh, mwasisi wa vyama vya wafanyakazi Kenya, alikuwa mtoto wa Sudh Singh, mwenye Punjab Printing Press ya Nairobi, na alifanya kazi humo humo kabla ya jina lake kuvuma. Alikamatwa Mei 1950, wiki chache baada ya kusimama hadharani kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, akazuiliwa, asirudi uraiani mpaka Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na ushee. Pio Gama Pinto, aliyepitia gazeti la Daily Chronicle, alikamatwa 1954 akapelekwa kisiwa cha Manda. Ambu Patel, mfuasi wa Gandhi, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa 1952, Kenyatta akiwa kifungoni na kulitaja jina lake kwa wema kukiwa ni kujitafutia balaa, yeye alikuwa akikusanya picha na maandishi ya kudai aachiliwe. Risasi, wino, gundi na uzi. Kazi hizi zina watu wake.

Serikali ilipochoka kufukuzana na wahariri, iliwageukia wapiga chapa wazi wazi. Mwaka 1950 sheria ilirekebishwa ili mahakama iweze kuutwaa mtambo wenyewe uliotumika kupiga chapa maandishi ya uchochezi. Fikiria maana yake kwa mwenye kiwanda. Mashine ya chapa ilikuwa akiba ya maisha, mara nyingi iliyonunuliwa kwa mkopo. Ndiyo iliyopiga kadi za harusi, stakabadhi za maduka na kalenda za Diwali. Gazeti moja la kisiasa lilileta fedha kidogo kuliko kalenda, na sasa lingeweza kuichukua mashine nzima. Hapakuhitajika mkaguzi wa kukaa kiwandani na kalamu nyekundu. Kila mwenye mtambo aligeuzwa mkaguzi wa nafsi yake, bila mshahara. Septemba 1952 Baraza la Kutunga Sheria liliitwa kwa kikao maalumu, na miongoni mwa miswada iliyopitishwa ni ile ya kuitia mitambo ya chapa chini ya leseni.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Magazeti ya Kikuyu yakapigwa marufuku, Mumenyereri likiwemo, wakati huo likiuza nakala zaidi ya 10,000 kwa toleo. Muoria hakukamatwa kwa sababu hakuwepo. Alikuwa London, alikokwenda mwaka huohuo. Akabaki huko. Aliyewahi kuwa gadi wa reli ya Kenya akapata kazi ya ugadi katika treni za chini ya ardhi za London, na jioni aliendelea kuandika vitabu ambavyo kwa miaka mingi havikupata mpiga chapa.

Colonial Printing Works haikufunga mlango. Mwaka ule ule wa 1952, Vidyarthi alianzisha gazeti jingine la Kiswahili, akaliita Jicho. Katika nchi iliyojaa vizuizi vya barabarani, kambi na watu waliofunikwa magunia wakiwataja wenzao kwa kutikisa kichwa, kuliita gazeti Jicho ni kusema jambo kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Liliishi miaka kumi, mpaka 1962. Kuishi huko kulihitaji kujua neno lipi lipite na lipi lisubiri, na mtu akitaka kumhukumu mhariri wa wakati ule kwa aliyoyaacha, kwanza ahesabu waliokuwa wamebaki wakichapisha chochote.

Uhuru ulikuja Desemba 1963. Sheria za chapa zilibaki. Dhamana ya Sh 10,000 ambayo mwenye gazeti alitakiwa kuiweka tangu 1960 iliendelea kudaiwa, na mwaka 2002 Bunge la Kenya huru likaipandisha hadi shilingi milioni moja. Kifungu cha uchochezi kilichomfunga Vidyarthi kilitumika dhidi ya wahariri wa miaka ya 1980 na 1990, kwa maneno karibu yaleyale. Aprili 1993 polisi waliingia katika kiwanda cha Fotoform mjini Nairobi, kilichokuwa kikipiga chapa majarida ya kuikosoa serikali, likiwemo Finance, wakang'oa vipuri vya mtambo ili usiweze kufanya kazi. Safari hiyo hawakwenda kwa mwandishi. Walikwenda penye jina lililo chini ya ukurasa wa mwisho.

Mwaka 1997, katika marekebisho yaliyofanywa kabla ya uchaguzi mkuu, kosa la uchochezi lilifutwa katika sheria za Kenya. Mwaka huohuo Henry Muoria alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 83. Mumenyereri halikuwa limetoka tangu Oktoba 1952.